Kiti cha meno kilivyotikiswa na UVIKO-19: Hesabu ya Tarime na Serengeti

MTU mwenye mtaji mdogo anayeulizia biashara ya kufanya katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa kawaida huelezwa habari za dhahabu ya Nyamongo, kahawa na mahindi ya Tarime, pamba na ng'ombe wa Serengeti, au nyumba za kulala wageni jirani na hifadhi. Ni nadra kuelezwa habari za kliniki ya meno. Hata hivyo, ni biashara chache zinazoonyesha vizuri namna janga la UVIKO-19 lilivyopita katika mifuko ya watu kama inavyoonyesha kazi ya daktari wa meno.

Kazi hiyo ilipigwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, daktari mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Pili, bei ya vifaa anavyotumia na kuvitupa kila siku ilipanda katika soko la dunia. Tatu, mteja wake alipungukiwa fedha, au aliogopa kufungua kinywa mbele ya mtu asiyemjua. Aliyemudu kupita katika mambo hayo matatu bila kufunga mlango ana somo la kumfundisha kila mwenye duka, stoo au zahanati.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020, mjini Arusha. Kesho yake serikali ilitangaza kufunga shule. Tofauti na nchi nyingi, Tanzania haikuwafungia watu ndani, na masoko yaliendelea kufanya kazi. Kwa hiyo hapakuwa na amri ya jumla iliyofunga shughuli kama ilivyokuwa Uingereza, ambako huduma za kawaida za meno zilisimamishwa Machi 25, 2020 na kuruhusiwa kuanza tena Juni 8 mwaka huo. Mwenye kliniki hapa nchini aliachiwa kupima mwenyewe.

Kupima huko kulikuwa kugumu kwa sababu takwimu za taifa zilisimama mwezi Mei 2020, zikionyesha wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Mfanyabiashara wa mahindi anapokosa bei ya soko la Mwanza hukisia kwa kuangalia malori yanayopita. Mtoa huduma wa meno hakuwa na lori la kuangalia.

HATARI INAYOTOKA KINYWANI

Ili kuelewa hesabu za kliniki, ni lazima kwanza kuelewa kazi yenyewe. Mashine ya kutoboa jino huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Kwa kuwa mzunguko huo huleta joto, mashine hurusha maji ili kulipoza jino. Maji hayo huchanganyika na mate na damu, yakatoka kama ukungu mwepesi unaobaki hewani. Mashine ya kuondolea ugaga kwenye meno nayo hufanya hivyo hivyo. Wakati huo daktari ameinama, uso wake ukiwa karibu sana na kinywa cha mgonjwa, na mgonjwa hawezi kuvaa barakoa.

Hiyo ndiyo sababu chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwashauri wanachama wake, Machi 16, 2020, kuahirisha kazi zote zisizo za dharura. Agosti 3 mwaka huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo uliotaka kazi za kawaida za meno ziahirishwe mahali ambapo maambukizi yanaenea katika jamii, na kazi zinazotoa ukungu ziepukwe au zipunguzwe.

Si kila kazi ya meno iliyo na hatari hiyo. Kung'oa jino kwa ganzi na koleo hakuhitaji mashine inayorusha maji. Kuziba jino kwa mashine, kutibu mzizi, na kusafisha meno kwa mashine ndizo kazi zinazotoa ukungu. Kwa bahati mbaya, hizo ndizo zinazolipa vizuri zaidi kwa mgonjwa mmoja. Hivyo agizo la kupunguza ukungu, lililotolewa kwa ajili ya afya, liligeuka kuwa agizo la kupunguza mapato bora ya kliniki.

Hofu ilikuwa kubwa mwanzoni, lakini kinga ilifanya kazi pale ilipopatikana. Utafiti uliofanywa Marekani Juni 2020 kwa madaktari wa meno zaidi ya 2,000 ulionyesha kuwa waliokuwa wameambukizwa, au waliodhaniwa kuwa wameambukizwa, hawakufikia asilimia 1. Karibu wote walikuwa wameongeza kinga kazini. Swali likawa ni nani anaweza kuinunua kinga hiyo, na kwa bei gani.

BEI YA KITU KINACHOTUPWA

Kliniki ya meno ina mali ya aina mbili. Ya kwanza ni ile inayokaa: kiti, kompresa, taa, mtungi wa kuchemshia vifaa, na makoleo. Ya pili ni ile inayotupwa baada ya kila mgonjwa: glovu, barakoa, sindano, pamba na ganzi. Kabla ya mwaka 2020 wawekezaji wengi walipigia hesabu mali ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoombewa mkopo. Janga lilionyesha kuwa mali ya pili ndiyo inayoweza kuifunga kliniki.

Machi 3, 2020 WHO lilieleza kuwa bei ya barakoa za hospitali duniani imepanda mara sita tangu mlipuko uanze, bei ya barakoa nzito za aina ya N95 imepanda mara tatu, na bei ya magauni imepanda mara mbili. Shirika hilo lilikadiria kuwa dunia inahitaji barakoa milioni 89 na glovu milioni 76 kila mwezi kwa ajili ya UVIKO-19, na likataka viwanda viongeze uzalishaji kwa asilimia 40.

Soko la glovu lina mkondo mwembamba. Sehemu kubwa ya glovu za dunia hutengenezwa Malaysia. Kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, Top Glove, ilipata faida isiyo na mfano mwaka 2020. Lakini Novemba mwaka huo huo viwanda vyake 28 viliamriwa kufungwa kwa awamu baada ya wafanyakazi wake wengi kuambukizwa. Hivyo ugonjwa uliopandisha mahitaji ya glovu ndio uliopunguza mikono ya kuzitengeneza.

Wafanyabiashara wanapoona bei ya bidhaa ya nje ikipanda huwa wepesi kuilaumu shilingi. Safari hii shilingi haikuwa na kosa. Mwaka 2020 ilikaa karibu na Sh. 2,300 kwa dola moja ya Marekani bila kuyumba sana. Bei ilipanda kiwandani na katika usafiri, si katika kubadilisha fedha. Mtu aliyekuwa ameweka akiba ya dola hakupata nafuu yoyote. Aliyekuwa ameweka akiba ya glovu ndiye aliyepata.

Kwa Tarime na Serengeti kuna jambo jingine la kuongeza, nalo ni umbali. Vifaa vya serikali hupitia Bohari ya Dawa (MSD). Kliniki za watu binafsi hununua kwa wauzaji wa Mwanza na Dar es Salaam. Mzigo wa kufika Mugumu hupita mikono mingi kuliko wa kufika Ilala, na kila mkono unaongeza chake. Bidhaa inapokuwa haba, muuzaji wa mjini humhudumia kwanza anayenunua makatoni mia moja kwa fedha taslimu. Anayetaka makatoni mawili kwa ahadi husubiri.

WILAYA MBILI, MIFUKO MIWILI

Upande wa wateja, wilaya hizi mbili zinazopakana zilipigwa kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayomfaa mwekezaji kuijua.

Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, ina sehemu ya uchumi inayotegemea utalii. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867 tu, na mapato ya utalii yalishuka kutoka takriban dola bilioni 2.6 hadi karibu dola bilioni 0.7. Ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Aprili 2020, zikaruhusiwa tena Mei 18. Lakini kuruhusu ndege kutua hakumlazimishi mtalii kupanda.

Fedha ya mtalii haiishii hotelini. Inapita kwa mpishi, dereva, mlinzi, muuza mboga na fundi, kisha inafika kwa mwenye duka, shule na zahanati. Mfanyakazi anaporudishwa nyumbani bila mshahara, jambo la kwanza kuahirishwa ni lile ambalo haliumi leo. Jino lenye tundu dogo halina deni linalodai mwisho wa mwezi, kwa hiyo huwekwa mwisho wa foleni.

Tarime ilikuwa na mambo mawili yanayovutana. Mpaka wa Sirari uliumia. Mei 16, 2020 Kenya ilitangaza kufunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, ikiruhusu malori ya mizigo pekee, tena kwa sharti la madereva kupimwa. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, na biashara ndogo ndogo kati ya Sirari na Isebania huenda kwa miguu na pikipiki. Mpaka unapofungwa kwa watu lakini ukabaki wazi kwa malori, anayeumia ni mchuuzi.

Lakini Tarime ina dhahabu. Mgodi wa North Mara, ulioko Nyamongo na unaoendeshwa na kampuni ya Barrick, umo wilayani humo, pamoja na wachimbaji wadogo. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa juu kidogo ya dola 1,500 kwa aunsi mwanzoni mwa mwaka 2020. Mwezi Agosti ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza katika historia. Mauzo ya dhahabu ya Tanzania nje ya nchi yalifikia karibu dola bilioni 3 mwaka huo, yakaupita utalii kwa mbali.

Barabara itokayo Tarime kupitia Nyamwaga na Nyamongo hadi Mugumu inaunganisha wilaya ambayo bidhaa yake kuu ilipanda bei na wilaya ambayo mteja wake mkuu hakuja. Kliniki mbili zenye kiti cha aina moja na daktari mwenye cheti cha aina moja zisingeweza kuwa na hesabu za aina moja katika wilaya hizo. Mwekezaji anayeangalia idadi ya watu pekee, akasema Mara ina watu zaidi ya milioni 2.3 na wote wana meno, anasahau kuuliza fedha ya kulipia meno hayo inatoka wapi, na nini kinaweza kuikata.

HESABU YA MFANO

Mfano ufuatao ni wa kufikirika. Si wa kliniki yoyote iliyopo, na bei zilizotumika ni za kurahisisha hesabu. Unaonyesha tu mahali fedha inapopotelea.

Tuseme kliniki yenye kiti kimoja inapokea wagonjwa 12 kwa siku katika wakati wa kawaida. Wanane wanang'oa jino kwa Sh. 15,000 kila mmoja, watatu wanaziba kwa Sh. 40,000, na mmoja anasafisha kwa Sh. 40,000. Mapato ya siku ni Sh. 280,000. Pango, mishahara, umeme na marejesho ya mkopo ni Sh. 110,000 kwa siku, awepo mgonjwa au asiwepo. Vifaa vya kutupwa ni Sh. 4,000 kwa mgonjwa, yaani Sh. 48,000. Baki ni Sh. 122,000. Hiyo ni biashara nzuri.

Sasa janga linaingia. Kuziba na kusafisha kwa mashine kunasimama. Wanaong'oa wanapungua kutoka wanane hadi sita. Mapato yanakuwa Sh. 90,000. Vifaa vya kutupwa vinapanda hadi Sh. 10,000 kwa mgonjwa, jumla Sh. 60,000. Ukijumlisha gharama zile zisizopungua, matumizi ni Sh. 170,000. Kliniki inapoteza Sh. 80,000 kila siku inapofungua mlango.

Jambo la kuangalia ni hili: idadi ya wagonjwa imepungua kwa nusu, lakini mapato yamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Wagonjwa walioondoka walikuwa wenye thamani kubwa kuliko waliobaki. Mwenye kliniki anayehesabu vichwa kwenye benchi anaweza kudhani hali ni afadhali kuliko ilivyo.

Njia ya kwanza inayokuja kichwani ni kupandisha bei. Akiongeza Sh. 3,000 kwa kila jino linalong'olewa, atapata Sh. 18,000 zaidi kwa siku, iwapo hakuna mgonjwa atakayekimbia. Hasara bado ni Sh. 62,000. Bei peke yake haiokoi.

Njia ya pili ni kurudisha kazi ya kuziba bila kutumia mashine inayorusha maji. Wakiziba watatu kwa vifaa vya mkono kwa Sh. 30,000 kila mmoja, inaingia Sh. 90,000. Ondoa vifaa vya kutupwa Sh. 30,000 na saruji ya kuzibia Sh. 12,000, inabaki Sh. 48,000. Hasara ya Sh. 62,000 inashuka hadi Sh. 14,000.

Njia ya tatu ni akiba. Kama kliniki hiyo ilikuwa na stoo ya glovu na barakoa za bei ya zamani, gharama ya vifaa kwa mgonjwa ikawa Sh. 7,000 badala ya Sh. 10,000, inaokoa Sh. 27,000 kwa wagonjwa tisa. Hasara ya Sh. 14,000 inageuka kuwa faida ya Sh. 13,000. Si faida ya kujengea nyumba, lakini ni faida inayolipa pango mpaka upepo upite.

KIJIKO BADALA YA MASHINE

Njia ile ya pili haikuvumbuliwa wakati wa janga. Ina historia yake hapa hapa Tanzania, ingawa wafanyabiashara wengi hawaijui.

Katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wakitafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini wasio na umeme wala maji ya bomba. Waliona kuwa sehemu ya jino iliyooza huwa laini, na inaweza kukwanguliwa kwa kijiko kidogo cha chuma kinachoshikwa kwa mkono. Baada ya kukwangua, tundu linajazwa saruji inayoshikamana na jino yenyewe. Hakuna kompresa, hakuna mashine, na mara nyingi hakuna haja ya ganzi. Njia hiyo ikaitwa kwa kifupi ART. Ilijaribiwa zaidi Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, na WHO likaitangaza kwa dunia katika Siku ya Afya Duniani, Aprili 7, 1994.

Kwa miaka mingi njia hiyo ilionekana kuwa ya maskini, ya kutumiwa mpaka umeme utakapofika. Mwaka 2020 ilibadilika thamani kwa ghafla. Chombo kisichotumia umeme hakirushi maji, na kisichorusha maji hakitoi ukungu. Mwongozo wa WHO wa Agosti mwaka huo ulisisitiza matibabu ya aina hiyo yanayotumia vifaa vya mkono. Huko Uingereza, baada ya kutumia mashine, kliniki zilitakiwa kuacha chumba kitupu hadi dakika 60 ili ukungu ushuke. Katika saa hiyo ya kusubiri hakuna anayelipa, lakini mishahara inaendelea kuhesabiwa. Kijiko hakisubiri.

Mwaka 2021 WHO liliingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na maji ya fedha na floraidi ya kuzuia meno yasiendelee kuoza. Kwa muuzaji wa vifaa tiba, kuingia katika orodha hiyo si jambo dogo, kwa kuwa nchi nyingi huitumia kupanga manunuzi yake.

Kwa upande wa mtaji, tofauti ni kubwa. Mashine ya kutoboa inahitaji kompresa, umeme wa uhakika, maji safi, na fundi wa kuitengeneza, ambaye pengine yuko Mwanza. Vijiko na makoleo ni chuma cha kuchemshwa na kutumika tena kwa miaka. Vingi vinavyouzwa duniani hutoka katika karakana za mji wa Sialkot, Pakistan. Kinachonunuliwa mara kwa mara ni saruji tu.

Hata hivyo, kijiko si jibu la kila jino. Tundu lililofika kwenye mshipa wa fahamu, au jino lenye usaha, haliponi kwa kukwanguliwa. Kazi hiyo pia inahitaji mkono uliofundishwa, na daktari aliyezoea mashine hana budi kujifunza upya. Mwekezaji anayedhani amepata njia ya kumlipa mtaalamu kidogo atakuwa amekosea.

SOMO LA ZAMANI LILILOSAIDIA

Waliofanya kazi ya meno tangu miaka ya 1980 walikuwa wameshapitia mtihani unaofanana na huu. Kabla ya UKIMWI kujulikana, madaktari wengi wa meno duniani walifanya kazi kwa mikono mitupu. Mwaka 1986 mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilitoa mwongozo wa glovu, barakoa na kuchemsha vifaa kwa kila mgonjwa, bila kujali kama anajulikana kuwa na maambukizi. Mwanzoni gharama hiyo ililalamikiwa. Baadaye ikawa sehemu ya bei, na hakuna mteja wa leo anayeweza kukubali kutibiwa na mkono usio na glovu.

UVIKO-19 uliongeza ghorofa juu ya msingi huo: ngao ya uso, barakoa nzito, madirisha wazi, ndoo ya maji yenye koki mlangoni, wagonjwa kukaa nje kwa nafasi, na simu kabla ya kuja ili kutenganisha maumivu ya leo na shida inayoweza kungoja. Baadhi ya mambo hayo hayagharimu chochote. Dirisha wazi ni la bure, na katika nyumba nyingi za Tarime na Mugumu dirisha lipo. Kliniki ya ghorofani katika jiji la nchi tajiri, yenye vioo visivyofunguka, ililazimika kununua mashine za kusafisha hewa.

JINO LILILONGOJA

Ipo gharama ambayo haimo katika daftari la mwenye kliniki. Tundu la jino halifungi kazi kwa sababu ya janga. Linaloweza kuzibwa mwezi Aprili, likiachwa, linaweza kufika kwenye mshipa mwezi Agosti, na likiendelea kuachwa linaleta usaha na uvimbe wa shavu. Hapo kinachobaki ni koleo. Aliyeahirisha kulipa Sh. 40,000 za mfano wetu analipa Sh. 15,000 za kung'oa, akadhani ameokoa fedha, kumbe amepoteza jino. Akitaka la bandia, atalipa zaidi ya vyote.

Katika Tanzania wagonjwa wengi wa meno huja wakati maumivu yameshawashinda, na matibabu yanayotolewa zaidi ni kung'oa. Ripoti ya WHO ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, na watu watatu kati ya kila wanne wanaougua wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Kufungwa kwa shule kati ya Machi na Juni 2020 kulimaanisha pia kuwa hapakuwa na wanafunzi madarasani wa kukaguliwa meno. Mtoto aliyekosa kukaguliwa mwaka huo akiwa na miaka minane, leo ni kijana. Kama tundu lake halikuonekana, linamsubiri yeye na mfuko wa mzazi wake.

KILICHOBAKI BAADA YA JANGA

WHO liliondoa hali ya dharura ya UVIKO-19 Mei 5, 2023. Kwa Tanzania, chanjo za kwanza, dozi zaidi ya milioni moja, zilifika Julai 2021. Oktoba mwaka huo serikali ilizindua mpango wa Sh. trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambao sehemu yake ilikwenda katika sekta ya afya. Watalii nao wamerudi: mwaka 2022 walikuwa 1,454,920, na mwaka 2023 walifika 1,808,205, idadi inayozidi ile ya kabla ya janga. Dhahabu haikurudi ilikotoka. MSD nayo ilijenga kiwanda cha mipira ya mikono Idofi, Makambako, mkoani Njombe, ili nchi isitegemee Malaysia peke yake.

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo wa Tarime na Serengeti, yapo mambo manne ya kuweka akilini kabla ya kuingia katika huduma hii au kuiuzia vifaa.

La kwanza ni stoo. Vifaa vinavyotupwa vihesabiwe kama mtaji, si kama matumizi madogo. Akiba ya miezi mitatu inaweza kuonekana kama fedha iliyolala, lakini mfano wa hapo juu unaonyesha kuwa ndiyo inayotenganisha hasara na faida siku mbaya zinapofika. Tarehe ya kuharibika isomwe, na mzigo wa zamani utumike kwanza. Kliniki kadhaa zikinunua pamoja zitasikilizwa na muuzaji wa jumla kuliko kila moja ikienda peke yake.

La pili ni chanzo cha fedha ya mteja. Kliniki ya Mugumu inayotegemea wafanyakazi wa hoteli iwe pia na njia ya kumhudumia mkulima wa pamba msimu wa mauzo. Kliniki ya Tarime isitegemee mchimbaji na mvuka mpaka tu. Wenye bima ya afya ni wateja wazuri, lakini malipo ya bima huja baada ya madai kupelekwa na kukaguliwa, kwa hiyo kliniki inahitaji fedha ya kuishi katika muda huo.

La tatu ni gharama zisizopungua. Mkopo wa kununua kiti cha kifahari hudai kila mwezi, wagonjwa wawepo wasiwepo. Katika mfano wetu, Sh. 110,000 za kila siku ndizo zilizozamisha kliniki, si bei ya glovu peke yake. Anayeanza na kiti cha kawaida, vifaa vya mkono vya kutosha na mtungi mzuri wa kuchemshia, kisha akaongeza mashine kutokana na faida, atalala usingizi kuliko anayeanza na vyote kwa mkopo.

La nne ni huduma yenyewe. Kliniki inayojua kung'oa tu itapata wateja siku zote, kwa kuwa maumivu hayaishi. Lakini kila jino inaloling'oa ni mteja asiyerudi kwa jino hilo. Anayeziba mapema, kwa mashine au kwa kijiko, anamrudisha mteja yule yule mwaka hadi mwaka, na mteja anabaki na meno ya kutafunia.